Kitambaa Juu ya Kompyuta

Kompyuta ilifika kwetu kwa pikapu ya maziwa, katikati ya mitungi, na Baba ameketi nyuma akiishika kwa mikono miwili kama anampeleka mgonjwa hospitali. Kutoka kwetu mpaka mjini Litein hapakuwa na nyumba nyingine yenye kompyuta. Watu walinunua ng'ombe wa gredi, wakanunua mashine za kukatia nyasi, na waliojiweza wakanunua televisheni. Baba, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, aliuza ndama akanunua kompyuta kwa meneja mmoja mzungu wa mashamba makubwa ya chai, aliyekuwa anarudi kwao na amepanga vitu vyake vyote kwenye nyasi mbele ya nyumba ili watu wachague. Mama alikuwa amemtuma akaangalie kabati la vyombo.

Tuliiweka kwenye meza ya sebuleni. Mama aliizunguka mara moja, akaingia chumbani, akatoka na kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, chenye maua mekundu pembeni, akakitandaza juu ya skrini. Kwetu kitu kisichofunikwa kitambaa bado ni mgeni. Redio ilikuwa na chake, makochi yalikuwa na vyao, hata chupa ya chai ilikuwa na chake. Kwa hiyo kompyuta ikapokelewa.

Pamoja nayo yule mzungu alimpa Baba diski ya nje, kisanduku cha kijivu kizito, kikubwa kidogo kuliko Biblia, chenye kebo nene iliyochomekwa nyuma ya kompyuta pale pa printa na waya wake wenyewe wa stima. Kisanduku kilihitajika kwa sababu ndani ya kompyuta hapakuwa na nafasi. Yule meneja alikuwa ameacha humo mambo yake yote: hesabu, barua, na picha nyingi mno za mbwa wake wawili. Mimi nilikuwa nimesoma kozi ya kompyuta ya likizo moja mjini Kericho, basi mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa nyumba. Nikamwambia Baba tufute.

"Si vyetu," akasema.

"Ameondoka, Baba. Hatarudi kuwatafuta mbwa kwenye kompyuta."

"Hata kama. Mtu akiacha kitu kwako, unakitunza."

Ndivyo mbwa wa watu walivyokaa ndani ya nyumba, na maandishi ya Baba yakakaa nje, kwenye kisanduku. Kila alichoandika kilikuwa humo na hakikuwa mahali pengine popote.

Alichokuwa anaandika kilikuwa kazi ya miaka. Tangu astaafu alikuwa akizunguka kwa baiskeli, leo huku Kiptere, kesho ng'ambo ya mto, akiwauliza wazee na mabibi jinsi mahali palivyoitwa kabla ya chai kupandwa. Kila kijito, kila kivuko, kila mahali ng'ombe walipolambia chumvi, kilima hiki aliishi nani na kile alihamia nani. Aliporudi alipiga chapa kwa vidole viwili, kwa Kiswahili, si Kikipsigis chetu. Alisema anataka hata watoto wa kambini wasome, wale ambao wazazi wao walikuja kutoka Kisii na kwingineko kuchuma chai, kwa sababu nao wanachota maji kwenye vijito vilevile. Na kila alipomaliza sentensi alihifadhi. Sentensi moja, anahifadhi. "Stima ya kwetu haina adabu," alikuwa akisema.

Hilo halikuwa uongo. Kiwanda cha chai kilikuwa bondeni, na nyumba zetu zilivuta stima kwenye laini moja nacho. Mashine zilipoanza kusaga majani, balbu yetu ya sebuleni ilibadilika ikawa na rangi ya chai ya rangi. Tulizoea. Mngurumo wenyewe tulikuwa hatuusikii tena, na mgeni akiuliza ni nini kinanguruma tulimwangalia tusijue anasema nini. Halafu kulikuwa na radi. Radi moja iliunguza adapta ya kisanduku, ile ya kutia stima, na Baba akapata nyingine Litein inayofanana nayo. Alifurahi sana kwamba plagi iliingia. Baada ya hapo sikumwona tena akiandika, nikadhani amechoka.

Baba aliweka sheria moja juu ya kompyuta, na aliitangaza mezani akiwa amesimama, kama alivyotangaza mambo shuleni. Jumapili haiwashwi. Alisema hata ng'ombe wa kulima anapumzishwa siku ya Bwana, na mashine nayo ni ng'ombe wa mtu. Mama alipenda sana sheria hiyo. Jumamosi jioni alikinyoosha kitambaa, akakivuta mpaka kikafunika na kisanduku, na hakuna aliyekigusa mpaka Jumatatu.

Ulikuwa mwaka uliofuata zile mvua za El Niño, barabara bado zimekatikakatika, Baba alipopatwa na kiharusi. Ilikuwa Jumapili. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimekwenda na kwaya Silibwet, nikarudi nikakuta watu wamejaa uani na gari la jirani limeshampeleka hospitali. Mama aliniambia Baba alianguka mlangoni akiingia ndani. Alisema hivyohivyo kwa majirani, kwa mchungaji, na kwa daktari. Upande wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakaisha. Yalibaki masauti.

Nitasema ukweli kuhusu nilivyokuwa siku zile, maana watu hupenda kusema walilia. Mimi sikulia. Niliamka, nikamgeuza Baba, nikamwosha, nikaenda shuleni kufundisha hesabu, nikarudi, nikamlisha uji, nikasahihisha madaftari. Watu wa kanisa walikuja na sukari na maombi, na mimi nikachemsha chai na kusema amina mahali panapotakiwa. Ndani yangu hapakuwa na kitu. Nilijikuna kwa mawazo mabaya, makusudi, nione kama nitaumia, na sikuumia. Nikawa naona kwamba ganzi ya Baba ilikuwa na mpaka, katikati ya mwili, na yangu haikuwa na mpaka.

Kitu kimoja tu nilikitaka. Muuguzi alituambia Baba anasikia na anaelewa, ila tusimhesabie muda mrefu, kwa kuwa kiharusi huwa na tabia ya kurudi. Nikawaza yale maandishi. Wazee wengi aliowauliza walikuwa wamekwisha kuzikwa, na yeye mwenyewe hawezi tena kusema. Nikaamua nitamfungulia faili lake na kumsomea lote, mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti, wakati bado anaelewa. Asikie kwamba lipo. Sikujua kama ni upendo au ni kutafuta kazi ya mikono, lakini nililitaka.

Nikawasha kompyuta. Ikawaka vizuri. Mbwa walikuwepo. Kisanduku hakikuwepo.

Kilikuwepo mezani, lakini kompyuta haikukiona. Kwa masikio nilikisikia kinaanza kuzunguka, kinapanda, kinapanda, halafu tak, kinashuka. Kinaanza upya. Tak. Taa yake ndogo ya kijani inawaka na kuzimika. Mara mojamoja herufi yake ilijitokeza kwenye skrini, nikabonyeza haraka, ikatoweka na kompyuta ikaniuliza kama nijaribu tena au niache. Nilijaribu tena. Nafikiri nilibonyeza neno hilo mwaka ule mara nyingi zaidi kuliko neno lingine lolote nililotamka kwa mdomo.

Nilifanya kila lililoandikwa na kila nililobuni. Nilikaza skrubu za kebo. Nikachomoa kebo na kuipangusa meno yake kwa kitambaa chenye spiriti. Nikafuta ile programu ya kisanduku na kuitia upya kutoka kwenye disketi ya mzungu, mara nyingi mpaka nikawa najua maneno ya kila dirisha kabla halijafunguka. Nikaingia kwenye zile kurasa za bluu zinazotokea kompyuta ikiamka, nikabadilisha namna ya tundu la printa, nikaibadilisha tena, nikarudisha ilivyokuwa. Nikakilaza kisanduku ubavu, nikakisimamisha. Nilikuwa nafanya hayo kila jioni nikitoka shuleni, na Baba kwenye kiti chake karibu na dirisha ananitazama. Sikuwa na haraka wala hasira. Mtu aliyekufa ganzi ni fundi mzuri, hachoki, kwa sababu hatarajii.

Siku moja nilikibeba kisanduku ndani ya kikapu mpaka Litein, kwa fundi wa redio, Mkisii mmoja mcheshi aliyekuwa amekaa kwetu miaka mingi. Alikifungua, akakinusa, akakichomeka kwenye kidude chake cha stima pale mezani. Kikazunguka kikatulia. Hakikusema tak hata mara moja.

"Madam, hii kitu iko sawa kabisa," akasema. "Sikia vile inaimba. Shida iko kwa hiyo kompyuta yenu. Hii haina ugonjwa."

Kwake hapakuwa na kompyuta, kwa hiyo kuimba tu ndiko kulikokuwa kipimo. Nikarudi nyumbani nikakichomeka kwenye adapta yetu. Tak.

Basi nikakipeleka Kericho, kwenye chuo kimoja cha kompyuta. Mlangoni tulivua viatu. Chumba kilikuwa na zulia na mapazia mazito, na kompyuta zote zimefunikwa plastiki, kama maiti walio safi. Msichana wa mapokezi alikitazama kikapu changu kama nimemletea kuku.

"Hapana, madam. Hatuwekangi kitu ya nje kwa mashine zetu. Virus."

"Ni maandishi ya mzee mgonjwa tu. Dakika chache."

"Pole sana. Virus haijui mgonjwa."

Nilivaa viatu vyangu. Nakumbuka nilitaka kumkasirikia na sikuweza, nikaanza kufikiria kama Mama alikuwa amesema nilete mafuta ya kupikia au sabuni.

Kwa kuwa fundi alikuwa amesema ugonjwa uko kwenye kompyuta, miezi iliyofuata niliitibu kompyuta. Niliifungua ubavu, nikatoa vumbi la mzungu na juu yake vumbi letu. Nilibonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Mama alipita na ndoo, akasimama, akasema kwa sauti ya chini, "Iache hiyo kitu, mwanangu. Umwombee tu baba yako." Nilidhani ananihurumia.

Jumapili hatukuigusa. Hilo hata hatukulijadili. Baba hakuweza tena kusema, kwa hiyo kila alichokuwa amekisema zamani kiligeuka amri. Tuliendelea kukata mkate wake vipande alivyotaka, tuliendelea kuzima redio saa ya habari ikiisha, na Jumamosi jioni kitambaa kilinyooshwa juu ya kompyuta na kisanduku.

Na ilikuwa Jumapili, tukishatoka kanisani na kula, ndipo Baba alipokuwa msumbufu. Siku nyingine zote alikaa kwa utulivu akinitazama nikihangaika. Jumapili mchana alianza kutoa sauti. Aliinua mkono wa kushoto, ule mzima, akaonyesha kompyuta iliyofunikwa. Kisha akamwonyesha Mama. Kisha kompyuta tena. Akarudia, na jasho likamtoka usoni.

"Mwalimu anakumbuka sheria yake," Mama alikuwa anasema. Yeye alimwita Mwalimu, kama watu wote. Alikwenda, akakivuta kitambaa kikafika chini kabisa, akakipigapiga. "Tumefunika, Mwalimu. Ona. Hakuna mtu atawasha." Halafu alitoka kwenda jikoni na hakurudi mpaka Baba anyamaze. Mimi nilimpangusa jasho. Kila Jumapili ilikuwa hivyo, na kila Jumapili nilimheshimu zaidi kwa dini yake.

Kiharusi cha pili kilikuja kimyakimya. Tulimkuta asubuhi ametulia zaidi. Alikula akilishwa, alifumba macho mwanga ukimpiga, lakini ukimwita hageuki. Alitazama dirishani, na ukisimama mbele ya dirisha anakutazama wewe kwa macho yaleyale. Jumapili iliyofuata hakuinua mkono. Mama alikaa sebuleni mchana wote na ufumaji wake mapajani, bila kufuma, na mimi nikaona kwamba ule usumbufu ulikuwa umeisha na nyumba ilikuwa mbaya zaidi bila huo.

Nilijua basi kwamba nimechelewa. Nililijua kama ninavyojua hesabu ya darasa la nne. Sikuacha kuwasha kompyuta, ila sasa nilikuwa naiwasha kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko kuangalia kama ufunguo upo.

Halafu ikanyesha mvua ya mawe. Kwetu mvua ya mawe si habari, lakini ile ilikuwa ya aina yake. Ilianza Jumanne alasiri watoto wakiwa darasani, ikapiga mabati mpaka nikaandika ubaoni badala ya kusema. Ilipokwisha, mashamba ya chai yalikuwa yamenyofolewa. Juu ya kila kichaka vilibaki vijiti, na chini kulikuwa na majani yaliyosagika yakitoa ile harufu ya kiwandani, kama kiwanda kimemwagwa nje. Kesho yake hakuna aliyechuma. Kituo cha kununulia majani kilikaa kitupu, lori halikuja, watu walisimama kando ya mashamba yao mikono nyuma.

Siku hiyo, Jumatano, nilirudi nyumbani mapema. Mama alikuwa shambani akiangalia hasara. Nilimgeuza Baba, nikamnywesha maji, nikaondoa kitambaa nikawasha kompyuta. Kisanduku kikaanza kupanda. Nikangoja tak.

Hakikusema tak. Kilipanda kikafika pale kinapofika, kikatulia hapo, kikaimba. Taa ya kijani ikawaka ikakaa. Skrini ikageuka bluu, ikasema inakagua diski iliyozimwa vibaya, ikakagua, ikamaliza. Herufi ya kisanduku ikatokea na haikutoweka.

Nilikaa mikono mapajani. Kitu fulani chumbani kilikuwa si cha kawaida na nilichukua muda kukijua. Kulikuwa kimya. Nje hakuna kilichonguruma. Niliinuka nikawasha balbu ya sebuleni mchana ule, na ilikuwa nyeupe, nyeupe kabisa, nikaona mpaka nyufa za ukutani ambazo sikuwahi kuziona.

Nikaelewa yote pamoja. Kompyuta yenyewe ilivumilia stima dhaifu, lakini ile adapta ya Litein haikuvumilia. Kiwanda kikivuta, kisanduku kinapungukiwa pumzi. Kiwanda kikilala, kinafanya kazi. Na kiwanda chetu kilisaga mchana na usiku kuanzia Jumatatu alfajiri mpaka Jumapili alfajiri, kwa sababu Jumapili Wakristo hatuchumi. Siku moja tu ya wiki kisanduku kilikuwa kizima, na siku hiyo ndiyo tuliyokifunika kitambaa. Adapta nzuri kutoka Kericho ingemaliza jambo lote asubuhi moja.

Nilifungua faili. Lilikuwa refu. Sikuwa nimesoma hata mstari, nilikuwa bado nasogeza kurasa kutafuta mwanzo, Mama alipoingia na matope miguuni. Alisimama mlangoni. Hakutazama skrini. Alikuwa anasikiliza.

"Zima," akasema.

"Mama, kimekubali! Ni kwa sababu ya kiwanda..."

"Najua ni kwa sababu ya kiwanda. Zima hiyo sauti."

Tulikuwa tunaongea Kikipsigis, na kwa Kikipsigis ilikuwa kali kuliko ninavyoweza kuiandika. Sikuzima. Mama aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, kile cha wageni ambacho hakuwahi kukikalia.

"Unajuaje?" nikamuuliza.

"Aliniambia mwenyewe. Kwamba kinakubali Jumapili tu, kiwanda kikilala. Wewe ukienda kwaya alikuwa anaingia hapa, anafunga mlango, anaandika. Mzee wa kanisa! Nikamwambia, mashine gani hiyo inachagua siku ya Bwana ndiyo ifanye kazi? Huyo ni shetani anakupima. Akacheka. Akasema shetani hajui stima."

Baba alikuwa dirishani. Mama alisema maneno hayo akimtazama yeye, si mimi.

"Na siku ile?" nikasema.

"Siku ile alikuwa hapo ulipo. Mimi nilikuwa jikoni, nimekasirika. Akanipigia kelele kutoka huku, akaniuliza kile kijito cha kwetu, cha nyuma ya boma la baba yangu, kiliitwaje. Alikuwa amesahau. Nikamwambia, Mwalimu, leo ni Jumapili, mimi sijibu maswali ya hiyo mashine. Niulize kesho. Akanyamaza." Alipangusa matope mguu mmoja kwa mguu mwingine. "Niliona amenuna. Nikamwacha anune. Nilimenya viazi vyote."

Kisanduku kiliendelea kuimba mezani.

"Nilipokuja alikuwa chini na hiyo kitu inalia hivyo hivyo. Nikachomoa waya. Nikafunika kitambaa. Nikamvuta mpaka mlangoni ndipo nikapiga nduru. Watu wangesemaje? Wangesema Mungu amempiga." Halafu akasema, "Hata mimi nilisema hivyo."

Nilitafuta hasira. Nilijua ilitakiwa iwepo. Mtu yeyote angekuwa nayo. Nilikumbuka mkono wa kushoto ukienda kwa kompyuta, ukienda kwa Mama, ukirudi kwa kompyuta, na mimi nikipangusa jasho. Baba hakuwa anakumbuka sheria yoyote. Alikuwa anauliza lile swali, na aliyeulizwa alikuwa analisikia, ndiyo maana alikimbilia jikoni. Nililiona hilo wazi kama nilivyoziona nyufa za ukuta, na bado hasira haikuja. Kilichokuja kilikuwa uchovu mkubwa, na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, kitu kilichouma.

"Ameandika nini?" Mama akauliza.

Nikasogeza mpaka mwisho kabisa wa faili. Nikamsomea kwa Kiswahili kama lilivyokuwa, polepole.

"Nimewauliza wazee wote wa pande hizi, nikamsahau wa nyumbani kwangu. Mke wangu alizaliwa ng'ambo ya kilima, ambako sasa ni chai tupu. Kijito kilichopita nyuma ya boma la wazazi wake, mahali nilipomwona mara ya kwanza akichota maji, kiliitwa."

Hapo paliisha. Hapakuwa na nukta. Alikuwa amehifadhi kama kawaida yake, akangoja ajibiwe.

Mama akainuka, akavuka chumba, akainama kwenye sikio la Baba, lile la upande mzima, akalitaja jina la kile kijito. Alilitaja kwa sauti ya kawaida. Baba alitazama dirishani. Mama akalitaja tena, sasa kwa nguvu, kama mtu anavyomwita mwenzake aliye ng'ambo ya bonde, mpaka kuku uani wakashtuka. Nilimtazama Baba uso wote. Nilitazama mkono wa kushoto. Ulikuwa juu ya goti lake na haukuinuka.

"Andika," Mama akaniambia bila kugeuka. "Andika kabla kiwanda hakijawashwa."

Nililiandika baada ya "kiliitwa". Nikaweka nukta. Nikahifadhi.

Mama aliokota kitambaa sakafuni, akakikunja mara mbili, akakiweka chini ya mkono wa Baba wa kulia, ule usiohisi kitu, ili usiumizwe na mbao za kiti. Kisha akaketi karibu naye akaniambia nianze mwanzo.